Mstari Uliochelewa wa Mwanasha

Jumatatu, 8 Juni 1998
Madaftari ya kidato cha pili, nusu bado sijasahihisha. Mvua tangu asubuhi hapa Waa. Mwanasha ameufungia mche wake wa kunde kabatini, maabara. Jani limefungwa uzi, uzi umeshika kalamu nyepesi. Kopo lililovikwa karatasi linazungushwa na saa ya mezani. Jani likipanda au kushuka, kalamu inachora. Ndani giza totoro. Tangu amzike mama yake hakuwa ameuliza swali darasani. Swali hili, kama jani huamka bila jua, ndilo lililomrudisha.

Jumatano, 10 Juni
Nimelisoma tena lile jarida la sayansi la maktabani. Mmea una saa yake ndani ya seli. Jeni za kunasa mwanga huanza kazi kabla jua halijachomoza. Nyingine hungoja giza. Jua huisahihisha saa hiyo, haliiendeshi. Miaka kumi na mmoja nafundisha sikulijua hili. Aibu.

Alhamisi, 11 Juni
Nimefanya ujinga. Baada ya magharibi nilikwenda maabara. Niliogopa mche umekufa, mtoto avunjike moyo mara ya pili. Nikafungua kabati, nikamulika kwa tochi. Mzima. Majani yamelala. Nikafunga.

Jumamosi, 13 Juni
Leo Mwanasha ameitoa karatasi. Mstari umepanda na kushuka kila siku bila jua. Alicheka! Kisha akainama. Jana jani lilichelewa kuinuka, kwa muda wa saa mbili hivi.
"Mwalimu, mbona mstari umechelewa?"
Nikasema sijui. Nimemwongopea yatima.

Jumatatu, 15 Juni
Ameandika kwenye ripoti kwamba kosa ni lake, hakuufunga uzi vyema. Mashindano ya sayansi Mombasa ni Alhamisi.

Jumanne, 16 Juni
Nimemwambia.
"Ungeniuliza, mwalimu."
Basi. Akafuta sentensi yake, akaandika: Mwalimu alifungua kabati Alhamisi jioni, akamulika kwa tochi. Hati nzuri. Akatoka bila kuniaga.

Ijumaa, 19 Juni
Jana Mombasa. Hatukushinda. Mwamuzi mmoja, mama wa makamo, aliuwekea kidole ule mstari uliochelewa, akauliza kulikoni. Nilitamani ardhi inimeze. Mwanasha akajibu kwa utaratibu:
"Tochi iliirudisha saa nyuma. Mmea ulidhani jioni haijaisha."
Mama yule akaandika kwa muda mrefu. Mimi sikuwa nimemfundisha hayo. Aliyafikiri mwenyewe, siku mbili zile asizosema nami.

Jumatatu, 22 Juni
Ameanza mche mwingine. Hakuna mashindano yoyote. Anataka kujua tu. Nilimkuta akifunga kabati kwa kufuli aliloleta kutoka kwao.
"Shikamoo, mwalimu."
"Marahaba, mwanangu."
Ufunguo akaufunga fundo kwenye pindo la mtandio. Sikuuomba.