Mkono wa Kushoto wa Nawaf Wataka Kunitoa Nyuma ya Pazia

Bi Kafedha, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechoka na watu, naomba unishauri kabla sijalichukua sanduku langu la spika nikaligeuza banda la kuku, maana huko ndiko ninakosukumwa.

Mimi ni fundi wa friji hapa Likoni, upande wa Mtongwe, na ndimi mpigaji besi wa kikundi cha taarabu kinachotumbuiza harusini, Likoni, Changamwe, Kisauni, popote tunapoitwa. Sikusomea muziki wala sikusomea umeme, vyote nilijifunza kwa kufungua vitu vya watu na kuvirudishia vikafanya kazi, na sanduku ninalopigia nimeliunda mwenyewe, spika ya inchi kumi na tano, wati mia nne, plaiwudi ya milimita kumi na nane, tundu la kutolea pumzi nimelipima kwa hesabu si kwa kubahatisha, na uzito wake ni kilo arobaini na moja bila ampu juu yake, hilo nalijua kwa sababu mbebaji ni mimi. Harusi ikiwa Kisauni nalivusha ferini kwa mkokoteni, ng'ambo nalipakia tuktuk, na Nawaf mpiga kinanda yuko mbele yangu na kinanda chake cha kilo sita begani kama aliyebeba mkoba wa Idi, hata "pole ndugu yangu" haimtoki.

Sasa huyo Nawaf ndiye balaa langu, ama niseme mkono wake wa kushoto.

Harusi zetu unazijua. Siku ya kupamba, ukumbi ni wa wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, simu zimeachwa mlangoni, na sisi wanaume wa muziki tunaketi nyuma ya pazia la mahameli, hatuoni wala hatuonekani, anayetoka mbele ni Bi Lamis peke yake, mwimbaji wetu na mkubwa wa kikundi. Kinanda na maikrofoni hupitia kwenye miksa vikatokea spika mbili za kukodi zilizo upande wa wageni, lakini besi yangu haipiti huko, nimekataa, kwani niliunda sanduku lile la nini kama sauti yangu itakwenda kutokea spika za watu? Basi nalisukuma sanduku pembeni kabisa, pale kuta mbili zinapokutana, lisimzuie mtu njia, kitufe cha sauti nzito nakizungusha mpaka mwisho, cha sauti ya kati nakishusha mpaka chini kwa sababu sauti ya kati ni ya redio, na bado, wallahi, pale nilipoketi naisikia nyembamba. Basi naongeza.

Harusi ya Changamwe juzi, tulipopumzika, Bi Lamis alikuja nyuma ya pazia jasho lamtiririka, hata maji hakunywa.

"Hussam, besi yako yanila."

"Yakula vipi, Bi Lamis? Mimi mwenyewe siisikii vizuri."

"Huisikii? Nenda Miritini kaulize, huko yasikika."

Kila mtu akacheka, na Nawaf, huku akijipepea kwa karatasi ya nyimbo, akasema, "Shangazi, mwache fundi akapumzike na mafriji yake. Mimi n'na vidole vitano vya mkono wa kushoto havina kazi."

"Shangazi", umelisikia neno hilo? Bi Lamis ni dadake babake. Hapo ndipo nilipojua kesi imeshahukumiwa. Na kweli, Bi Lamis akaniambia mbele ya wote kwamba iko harusi kubwa Kisauni mwezi ujao, nikimfunika tena ndiyo yangu ya mwisho, Nawaf atapiga besi kwa mkono wa kushoto na mimi nije kula pilau kama mgeni. Bi Kafedha, uzi wangu una inchi thelathini na nne za kutetemeka. Kitufe cha kinanda kina nini? Plastiki! Mtu anabonyeza plastiki halafu aitwe mpigaji besi! Na hicho kisa anachonisingizia Bi Lamis, eti wanawake hawainuki tena kumtunza pesa kwa kuwa maneno hayasikiki, mbona hajiulizi kama ni hizo beti zake mpya ndizo hazina mnofu?

Nikirudi nyumbani nako sina wa kunitetea. Mke wangu Jalila ni mtia hina, hakuna harusi asiyokuwamo, yeye huketi huko huko upande wa wanawake karibu na bibi harusi. Namweleza ninavyoonewa, yeye anakunja nguo.

"Mimi vipimo vyako sivijui," aniambia. "Najua tu kuwa juzi nilikuwa namrekebishia bibi harusi ua la kiganjani, meza ikatetemeka, ua likawa pweza."

"Hiyo ni meza mbovu."

"Na kijiko changu nacho kibovu? Kilikuwa chacheza chenyewe sahanini."

Najua anakotoka. Nyuzi nzuri za besi hazipatikani ovyo, kwa hiyo zikipoteza sauti sisi wapigaji huzichemsha kutoa mafuta ya vidole, na siku moja nilizichemsha katika sufuria yake ya maziwa. Tangu siku hiyo kila neno langu kwake lina ladha ya chuma.

Sasa kuna bendi ya hotelini Shanzu inanitaka. Huko hakuna pazia wala shangazi wa mtu. Lakini taarabu ndiyo iliyonifunza kushika besi, na nikiitoka kwa hasira sitairudi, najijua. Niondoke sasa kwa heshima yangu, ama ningoje Kisauni nitolewe mlangoni kama friji iliyokufa?

Fundi Hussam, Mtongwe

*

Marahaba, Hussam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikatamani niwe na mwiko karibu.

Nianze na haki yako, isije ikapotea kwenye maneno yangu. Haifai mtu kubeba kilo arobaini na moja peke yake mpaka Kisauni na wenzake wakitazama. Kikundi kinachokula pamoja kibebe pamoja. Na Nawaf kukucheka mbele ya watu ni utovu wa adabu, shangazi yake alipaswa kumkanya pale pale. Hata besi ya kinanda mimi siipendi, haina pumzi, imekaa kama mtu anayesoma risala. Hayo yote nakupa.

Lakini wewe bwana wa hesabu, umenipa inchi, wati, kilo na milimita, ukaacha hesabu moja. Katika harusi zote ulizopiga, ni mara ngapi umeusikia muziki wenu ukiwa umeketi meza ya mbele? Hata mara moja. Wala hutaketi, si mahali pako. Nawaf naye hajaketi. Nyinyi wanaume wote wa kikundi hamjapata kuusikia muziki wenu mahali unaposikilizwa! Unazozana kuhusu mlio wa besi, na masikio yako yako upande usio na wasikilizaji.

Walio upande wa pili ni wawili unaowajua, Bi Lamis na mkeo. Mmoja amekwambia besi yamla. Mwingine amekwambia meza yatetemeka na kijiko chacheza. Hawakukaa kikao, Hussam. Maneno yao ni mamoja kwa sababu kitu walichokisikia ni kimoja. Na wewe umefanya nini? Mmoja ukamwita shangazi wa Nawaf, mwingine ukamwita mwenye kinyongo cha sufuria, ukaongeza sauti.

Nami nimeketi kumbi hizo. Sijui kama kikundi kilikuwa chenu, ila nimewahi kuona kikombe changu cha kahawa kikihama mezani bila kuguswa, na mwimbaji mbele yetu afungua kinywa tu kama samaki wa chupani. Tulikuwa na tuzo zetu mikononi, tukakaa nazo. Wewe mtoto wa Pwani nikufunze mimi? Mwanamke haendi mbele kutunza ngoma, anatunza neno. Anangoja ubeti unaomgusa, ama, bora zaidi, unaomgusa aliyeketi meza ya pili, ndipo ainuke ajipitishe nao ukumbi mzima umwone. Ubeti ukizama hakuna anayeinuka, kwani atainukia nini? Bi Lamis anasimama pale peke yake katika nguo yake ya kung'aa, anaimba, watu wanamtazama. Hiyo ndiyo aibu inayomtoa jasho, wala si upendeleo wa mtoto wa kakake.

Kwa kuwa mimi si mtu wa spika, nilimsomea barua yako Boga wa Port Reitz, anayefunga mitambo ya harusi. Hakunisubiri nimalize. Nilipofika pale "kuta mbili zinapokutana" akashika kichwa. "Bi Kafedha, kuta mbili na sakafu ni tarumbeta! Amelitia sanduku ndani ya tarumbeta halafu analia kwamba halisikiki?" Akanieleza, nami nakueleza. Sauti nzito haijikusanyi hapo inapotoka, inakwenda kujikusanya mbali, kwa hiyo wewe uliyeegemea sanduku waipata nyembamba na aliye meza ya mbele yampiga kifuani. Halafu pazia la mahameli linameza sauti nyembamba na za kati, ile nzito inapita kama haikuona pazia. Kwa hiyo vidole vyako vizuri vyote, nota zako zote, zinabaki nyuma na nyinyi wanaume. Wanawake wanapokea mngurumo tu, kama lori la kokoto la Mwakirunge linalopita nje. Akasema pia, na alisisitiza nikuandikie, kwamba sanduku lenyewe limeundwa vizuri sana. Kosa ni pale ulipoliweka.

Kwa hiyo Shanzu hapana, si sasa. Ukienda hivi utahama na masikio yale yale, na baada ya miezi utaniandikia kwamba meneja wa hoteli ana shangazi.

Utafanya hivi. Toa waya kwenye ampu yako mpaka kwenye miksa, besi itokee zile spika za mbele pamoja na sauti ya Bi Lamis, zikae meza moja. Spika za kukodi si tusi. Ziko upande wa wageni, yako iko upande wako, basi yako iwe ya kujisikilizia wewe. Itoe kwenye pembe, ipandishe juu ya kiti ikutazame usoni. Kitufe cha sauti nzito kirudishe nusu, na hiyo ya kati unayoidharau ipandishe, maana ndiyo inayomjulisha mtu kwamba hii ni nota na si tetemeko. Kisha fika Kisauni mapema, ukumbi ukiwa mtupu, mpe Nawaf gitaa lako la besi akupigie uzi mmoja, wewe zunguka pazia ukasimame meza ya mbele. Simama hapo mpaka uamini. Nawaf naye utamtaka kwa upole afanye jambo la pili: kama vidole vyake vitano vya kushoto havina kazi, avitie kwenye mshikio wa sanduku kuanzia Likoni.

Kwa Bi Lamis nenda kabla ya siku hiyo, nenda nyumbani kwake, usimpigie simu. Usimpelekee hesabu. Mwambie, "Nimesikia uliloniambia, nitabadilisha, nisikilize Kisauni." Basi. Akitaka kukusema, kaa umsikilize, asidhani una haraka.

Lakini ukumbi mtupu si ukumbi uliojaa, na ukijaa wewe huna ruhusa ya kuingia, na simu ziko mlangoni. Kwa hiyo utahitaji masikio ya kuazima, nayo unalala nayo nyumba moja. Mnunulie Jalila sufuria. Mpya, yenye kifuniko, na usiseme kwamba ya zamani sasa ni ya nyuzi, hilo atalijua mwenyewe. Akishaipokea, mwombe siku ya Kisauni ajisogeze meza iliyo karibu na pazia. Ameketi upande ule miaka yote mkononi ana hina, na katika miaka yote hiyo hukupata kumuuliza hata swali moja lenye haja ya jibu. Muulize sasa.

Mkubaliane hivi: akilivuta pazia, unapunguza. Akilivuta tena, unapunguza tena. Hutamuuliza kwa nini, hutamtajia wati, hutasema meza ni mbovu. Na pazia likitulia, Hussam, hapo usimwogope mtu. Piga.

Bi Kafedha