Soksi Kwenye Kengele ya Waasisi

Ndugu yangu, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Kengele ya waasisi wa shule yetu hupigwa Siku ya Urithi tu, na aliyesalimia vizuri kuliko wote kwa lugha ya kwao. Muhula mzima nimefanya mazoezi! Kumbe yule mwanafunzi mgeni, anaitwa Kimya, akasalimia kwa lugha ya bibi yake, mpishi akatoka jikoni analia, akamwitikia kwa lugha hiyo hiyo.

Mpishi! Analia!

Wivu ukanipanda. Watu wakipiga makofi, nikasokomeza soksi yangu kengeleni.

Kimya akapiga: dup. Mkuu akasema, "Basi lieni nyinyi, kila mtu kwa lugha yake!" Shule nzima ikanguruma. Kimya akabebwa juu juu.

Soksi ina jina langu, mama alilishona. Kimya akaichomoa kengeleni, akalisoma, akanikumbatia: "Asante, kaka. Bila wewe ningepiga peke yangu."

Heri angenizaba kofi.