Salamu za Mama Chini ya Picha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada aliniambia umeanza kutembea bila fimbo, nikafurahi sana. Mimi sijambo, ila kifua bado kinanisumbua. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Soma hadi mwisho, na tafadhali usilie.

Kazi yangu unaijua: nafua mashuka ya hospitali na hoteli. Tangu tubadilishiwe dawa ya kutoa madoa, mapipa yalikuwa yanaletwa yamekwanguliwa maandishi. Wenzangu wakatokwa na malengelenge mikononi, na mmoja alianguka mbele ya mashine. Tulipolalamika, meneja alisema anayeogopa dawa akauze maua.

Ndipo nikafungua ukurasa mtandaoni, nikajiita Shuka Jeupe. Nilikuwa mwangalifu, mama. Nilipiga picha mapipa tu, sikuonyesha hata kidole changu. Niliandika kana kwamba mimi ni mwanamume, wala sikuwahi kupandisha kitu nikiwa kazini. Hata dada sikumwambia. Watu wakasoma, wakasambaza, mpaka wakaguzi wakaja na mapipa yakaondolewa.

Ungedhani nilifurahi. Wapi! Meneja aliapa kumsaka mwandishi, tukaanza kuacha simu mlangoni. Kila aliyenichekea nilimwona ana lake jambo. Zaidi nilimshuku fundi wa mashine, tunayemwita Miwani, kwa sababu hakuchoka kuniuliza kikohozi kimefikia wapi. Nikaacha kula naye. Nikawanong'oneza wenzangu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nao wakamtenga. Maskini alikuwa akila peke yake, ameegemea ukuta wa stoo.

Juzi aliniinamia katikati ya kelele za mashine, akasema, "Dada, mimi sina neno na wewe. Ila mama yako anakupenda hadharani mno."

Nilidhani ananitisha. Nilipofika nyumbani nikafungua ukurasa wangu, nikapitia maoni ya watu, na humo ndani nikakukuta wewe: "Hongera kitinda mimba wangu. Nimekutambua kwa maneno yako, tangu utoto hukuweza kunyamazia dhuluma. Pole na kifua." Na kando ya maneno hayo, ile picha ya ukurasa wako, ya harusi ya dada, tumekumbatiana, sura yangu yote kweupe.

Sikulaumu, mama. Nilicheka kwanza, machozi yakaja baadaye. Niliyafuta maneno yako, lakini yalishakaa pale wiki nzima, na maji yakimwagika hayazoleki. Miwani nimemwomba radhi. Aliyaona mapema, akafunga mdomo, hata pale tulipomtenga.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni jingine. Jumapili uliniambia kwa furaha kwamba kijana mmoja mpole amekutumia ujumbe, akijiita rafiki yangu wa kazini. Alitaka kujua ninapoishi aniletee zawadi, nawe ukamwelekeza hadi rangi ya mlango. Mama, kazini sina rafiki asiyejua kwangu. Wala hakutumwa na meneja, maana yeye anwani yangu anayo kwenye faili. Mapipa yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe amepata hasara.

Jana jirani aliniambia wanaume wawili walikuja kuniulizia. Nikamwuliza kama walibeba zawadi yoyote. Akasema walikuja mikono mitupu, na mmoja alibaki amesimama ng'ambo ya barabara, akiangalia dirisha langu.

Nimehama, mama, na kazini sirudi. Miwani na mkewe wamenisaidia kubeba vitu. Niko wapi sitakuandikia, na usiponiona hewani ujue laini ile nimeivunja. Kijana yule akikutafuta tena, hata salamu usimwitikie. Mwombe kaka akuondolee ile picha, akufungie na ukurasa wako usionekane na kila mpita njia.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mbusu mtoto wa dada. Wakiuliza habari zangu, sema hujazipata.

Ni mimi wako. Jina unalijua.