Diski Inayosahau Ikiamka

Jumatatu, 3 Juni
Wewe bibi, ulipotelea wapi? Tangu Pasaka hujaandika hata mstari kwenye daftari lako hili. Halafu unajisifu kisomo cha ngumbaru, cha watu wazima, hukutoroka. Aibu, najisuta mwenyewe.

Haya. Dagaa wa usipa nimeanika. Mihogo nimemenya. Mjukuu wangu Roida karudi kazini Mbinga, kaniachia kompyuta yake kuukuu, ile yenye mfumo wa Linux. Ndani mna sauti ya mama yake, Sesilia, mwanangu niliyemzika. Anaimba nyimbo za Kinyasa, mmoja huku anatwanga. Kwingine haipo.

Agizo moja: nisifunge kifuniko. Ikifungwa inalala, na ikiamka, diski inayotunza nyimbo imesahau amri yake ya umeme. Badala ya kuzunguka kwa utulivu, inajipumzisha na kushtuka, ta, ta, ta, mpaka ife. Ikitokea, nizime kabisa, niwashe upya. Ndipo inakumbuka.

Jumatano, 5 Juni
Nimefunga kifuniko. Jana pia. Majirani walikuja kwa sala ya jioni. Wanaume wanavua kofia, redio tunazima. Sasa mashine itukodolee macho mbele ya Mungu?

Baada ya sala nikafungua. Sesilia akaimba. Nyuma yake, ta, ta, ta. Nilisikia. Sikuzima. Kuwaka kwake kunachelewa, nami nilitaka wimbo. Mroho mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Roida kapiga simu. “Shikamoo Bibi. Mashine inasemaje?”
“Haijambo kuliko mimi.”
Mwongo mkubwa. 

Jumamosi, 8 Juni
Wimbo umekwama katikati. Kimya. Nimemzika mara ya pili.

Nimempigia Roida, nimesema yote, na uongo pia.  Akasema: “Usiiguse. Nakuja.”

Jumapili, 9 Juni
Kafika na vumbi lote la barabara. Sikuweza kumtazama.
“Bibi, kwa nini ulifunga?”
Nikamweleza habari ya sala. Akacheka, machozi yanamtoka. “Kumbe ulimlaza mama ili watu wasali!”
“Nyamaza, mwana mbaya wewe,” nikamwambia, nikamkumbatia mpaka akalalamika mbavu.

Nyimbo kazihamishia kwenye flashi. Mmoja haukutoka, diski imeumia pale. Ule wa kutwanga.

Kisha kaandika amri nyingine ndani: kila mashine ikiamka, diski inakumbushwa yenyewe. Tumeifunga, tumeifungua. Haikugonga. Anasema kazi hiyo ilikuwa ndogo, angeifanya zamani, aliona uvivu. Anataka tugawane kosa. Sitaki. La kwangu nalijua.

Jumatatu, 10 Juni
Roida kaondoka asubuhi. Kabla ya gari kuja aliniwekea kinu uani. Nikatwanga, nikaimba ule wimbo wa Sesilia, yeye akarekodi. Sauti yangu inakwaruza. Si yeye. Lakini maneno ni yake.

Jioni tumesali. Kifuniko nimeacha wazi. Hakuna aliyekwazika.

Ukirudi hapa, wewe bibi, kabla ya kushika kalamu uimbe wimbo wake wote, mpaka ubeti wa mwisho. Leo ulikuponyoka kidogo.