Kibanda Ulimozaliwa

Kindu, siku ya posho, Jumamosi

Kwako yaya Destin, kaka yangu,

Huko Punia wanakutunza namna gani, na ile malaria imekuachilia? Sisi huku tunapumua. Mama iko na nguvu, anauliza tu kama unakula.

Yaya, nina hasira na sijui niipeleke kwa nani. Unakijua kile kibanda cha mwituni, ng'ambo ya Lualaba, kwenye njia ya kwa bibi. Mwitu ule sasa njo parki, hifadhi ya serikali, na wakubwa wake wamekipaka kibanda rangi kwa ajili ya wageni wanaokuja kutembea. Juzi walitundika kibao chenye historia yake, wakatuita sisi watu wa njia ile. Mimi nikapewa kazi ya kutafsiri Kifaransa chake. Unanijua, mbele za watu sauti hunikatalia. Mukubwa wa parki, muntu wa Kinshasa asiyejua Kiswahili, alinitania kwamba sauti yangu ni ya panya ndani ya gunia. Walinzi wakacheka.

Kibao kinasema kibanda ni kazi ya parki. Hakisemi kwamba wakati wa vita mama na wenzake, wakikimbia askari, walikata miti ya kukijenga kwa panga moja, na wewe ukazaliwa humo mvua ikinyesha. Wala kwamba tangu hapo kila mupita njia analala bure, na akiondoka anamwachia kuni anayekuja nyuma. Nilimwambia mukubwa kwamba mama njo alijenga. Akajibu kwamba kila mama wa Maniema alijenga kitu wakati wa vita, mbao za kuwaandika wote hazitatosha.

Sasa nakuungamia, yaya. Mstari wa mwisho wa kibao sikuutafsiri. Mstari ule unakataza watu wa vijiji kulala humo wala kuwasha moto, la sivyo watafungwa. Mahali pake nilisema jina la mama, na lako, na mvua ile. Akina mama walipiga vigelegele, mukubwa naye akapiga makofi. Walinzi, wanaojua lugha zote mbili, walitazama chini.

Kesho mama anapita njia ile kufuata mawese kwa bibi. Amesema atalala kwenye nyumba yenye jina lake ukutani. Nimejaribu kumwambia mara mbili, nikaishia kuomba chumvi.

Nikimaliza barua hii naenda kwake. Sauti ikinikatalia, nitakalia mzigo wake mpaka aniulize.

Msalimie shemeji Bibiche, na mutoto umshike kichwa kwa niaba yangu. Mungu awachunge.

Mudogo wako,
Espérance