Baba Mkwe Anavuta Sigara Kando ya Spiriti

Ndugu Mshauri mpendwa, nisaidie kabla hatujazika mtu. Mimi ni fundi wa gereji ya ushirika wetu hapa Lushoto, na tangu petroli iadimike tumeletewa mapipa ya spiriti ya miwa ya kuchanganya kwenye malori yanayoteremsha kabeji Mombo, nami nikapewa kazi ya kuwafundisha madereva, nikawaambia wasiinyonye kwa mdomo kwenye mpira na wasiwashe sigara karibu kwa sababu moto wa spiriti juani hauonekani, wote wakakubali isipokuwa Mzee Tobia, dereva mkuu, ambaye ni baba mzazi wa mke wangu Rahabu, na kwetu mkwe hakosolewi hadharani, basi Jumatatu akawasha sigara kando ya pipa, njiti akaitupa, gunia lililolowa spiriti likaungua chini ya lori na hatukuona kitu mpaka tuliposikia harufu, nikalizima kwa mchanga, naye akacheka, akasema, "Mkwe, moto usioonekana ni wa wachawi, mimi nimeendesha lori wewe hujazaliwa," na sasa wenzake nao wanavuta. Nikimsema nimemvunjia heshima, nikinyamaza watu wataungua. Nifanyeje?

Timotheo, Lushoto

Ndugu Timotheo,

Pole sana. Sasa nikugombeze kidogo. Unamwogopa mkweo kuliko unavyouogopa moto, na madereva wameshalijua hilo. Hiyo heshima utamwelezaje Rahabu siku baba yake akiletwa nyumbani amefungwa bandeji mwili mzima?

Kumsema mbele ya watu usimseme, hapo uko sawa. Nenda kwake leo jioni pamoja na mkeo, mwamkie shikamoo yake, umwombe mkutane gereji kesho asubuhi, wawili tu, kabla ya mafunzo ya madereva. Ngojeni ukungu uondoke, jua liwake. Mimina spiriti kidogo kwenye sahani ya bati, mbali kabisa na mapipa, mchanga uwe tayari, uiwashe, kisha umpe yeye kijiti kirefu akiweke juu ya hiyo sahani. Kikishika moto mkononi mwake hutahitaji hotuba. Mwombe basi awaonyeshe wenzake yeye mwenyewe.

Na akikataa hata baada ya hapo, nenda kwa mwenyekiti wa ushirika, funguo za lori asipewe. Atanuna, Rahabu atalia, na huenda mzee asikanyage kwako mpaka mwakani. Vumilia yote hayo, maana atakuwa amekunyima salamu akiwa mzima.