Mama Yako Mdogo Amewaombea Watu wa Nyotani

Ugweno

Mbonea mwanangu,

Nani alikutuma uvifungie vitabu vya mwanao Nakijwa kwenye sanduku la mbegu? Nilimwacha mtoto analia jikoni. Ulisema vina uchawi. Kimoja nilikichomoa kabla hujafunga, nikakitia kikapuni mwangu niutafute huo uchawi mwenyewe. Huku mvua haikatiki, basi mama yako mdogo anamenya ndizi na mimi namsomea. Darasa langu la nne unalijua, nafuata mstari kwa kidole, lakini nafika.

Ni habari za watu wa nyota moja iliyokauka, na mfalme wao amelifungia bwawa la mwisho. Mama yako mdogo akanikatiza: "Huyo hana wazee wa kumwambia leo ni zamu ya nani kumwagilia?"

Jana akaombea chakula, kisha akaongeza, "Na wale wa nyotani, Bwana, wape maji." Nikamwambia, "Wewe, wale wametungwa tu." Akanijibu macho bado kayafumba, "Nimeshawaombea, siwatoi."

Sasa niambie uchawi uko wapi. Kitabu kinachomfanya mtu awaombee wenye kiu hata kama hawapo, mimi sikiogopi, na nitakimaliza. Nakijwa akijifunza kuwahurumia hao, wewe ukizeeka hatakutupa.

Nawapenda wote, hata wewe mkaidi. Mkungu wa ndizi nitakuja nao. Ukishasoma hapa, fungua sanduku, mrudishie mtoto vitabu vyake vyote kwa mkono wako, na mwambie cha pili cha habari hii aniwekee.

Mama yako